Kutengeneza skrini za skana ya mkononi kwa mfumo wa ghala: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wasanidi wanaopewa kazi hii kwa mara ya kwanza, na wasimamizi wa ghala wanaotaka kujua fedha yao inakwenda wapi. Yanaanzia kwenye mambo ya mwanzo na kuishia kwenye yale yanayomkuta mtu mfumo ukiwa umeshakaa kazini miezi kadhaa. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, maana jambo lililokwisha kuelezwa sikulirudia.

## Mambo ya msingi

Skrini ya skana ni kitu gani hasa? Si fomu ndogo tu?

Wengi huianza hivyo, na hapo ndipo wanapokosea. Fomu humpa mtu nafasi kadhaa za kujaza na kumwacha achague aanzie wapi. Aliye ghalani hana nafasi hiyo. Mkono mmoja umeshika kifaa, wa pili umeshika boksi, macho yako kwenye rafu. Anataka kifaa kimwulize jambo moja, alijibu kwa kuskani, kisha aulizwe la pili. Nenda rafu fulani, skani rafu. Skani bidhaa. Ngapi? Haya, inayofuata.

Kwa hiyo yachukulie kuwa mazungumzo. Kila skani ni jibu, na kila jibu hukaguliwa palepale, mtu akiwa bado amesimama mbele ya rafu. Kosa likigundulika akiwa ameshafika upande wa pili wa ghala, kulirekebisha ni safari nzima ya kurudi.

Mfumo wetu tayari una skrini zake. Kwa nini tutengeneze nyingine?

Huenda hamhitaji. Mifumo mingi mikubwa hukuruhusu kupanga upya menyu na hatua bila kuanza kazi upya. SAP, mfumo mkubwa wa kuendesha biashara, ina menyu ya skana iitwayo LM01 kwa mfumo wake wa zamani wa ghala na /SCWM/RFUI kwa ule mpya, na skrini zake hubadilishika. Dynamics 365 ya Microsoft ina programu ya simu ambayo menyu zake hupangwa kwenye mfumo mkuu wenyewe. Jua kwanza mipangilio inakufikisha wapi, ndipo uanze kuandika programu.

Sababu nzuri ya kutengeneza yako ni pale skrini inapomwuliza mfanyakazi kitu ambacho mfumo unakijua, inapomlazimisha kupita kurasa tatu kufanya jambo moja, au ghala lako linapokuwa na kazi ambayo waliotengeneza mfumo hawakuifikiria. "Haipendezi" si sababu.

Simu ya kawaida yenye kamera haitoshi?

Kwa skani ishirini kwa siku, inatosha. Kwa mamia kwa zamu, haitoshi. Kamera inahitaji kufunguliwa, kutafuta umbali na kusubiri mwanga. Skana ya kazi ina kitufe cha kufyatua kinachokaa chini ya kidole, taa yake yenyewe, alama ya kulengea, na betri inayobadilishwa bila kusimamisha kazi. Baadhi ya modeli husoma lebo kubwa iliyo juu ya rafu dereva wa foklifti akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Hata hivyo, andika programu yako iwe na mahali pamoja pa kupokelea skani, bila kujali imetoka kwenye kamera, kifyatulio au skana ya pete inayovaliwa kidoleni. Siku vifaa vikibadilishwa, utabadilisha mahali hapo tu.

Nianzie wapi kabla ya kuandika programu?

Ghalani. Shinda zamu nzima na mtu mmoja anayepokea mzigo na mwingine anayekusanya oda. Hesabu mara ngapi anaweka kifaa chini, anarudi nyuma, anamwuliza mwenzake. Kisha chora jedwali kwenye karatasi: skrini inasema nini, mtu anaskani nini, jibu sahihi ni lipi, na majibu mabaya ni yapi.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Mambo yakienda sawa, hatua huwa mistari sita au saba. Yakienda kombo hujaza kurasa: rafu imejaa, bidhaa si hiyo, zimepungua mbili, lebo imechanika, boksi limelowa. Msanidi asiyezijua hali hizi mapema ataletewa kwa simu usiku.

## Kuchagua njia ya kujenga

Kuna njia gani za kutengeneza skrini hizi?

Kuna tatu kubwa. Ya kwanza na kongwe ni skrini ya maandishi matupu kupitia Telnet, njia ya zamani ya kuunganisha kifaa na seva, kwa mitindo ya vituo vya zamani vya kompyuta kama VT220 au 5250. Kila kitu kiko kwenye seva, na kifaa kinaonyesha herufi tu. SAP, kwa mfano, hutumia ukubwa wa mistari 8 kwa safu 40, au mistari 16 kwa safu 20. Watu huicheka, lakini ni nyepesi na haina mapambo ya kumpotezea mtu muda. Ubaya wake ni kwamba muunganisho ukikatika kikao hupotea pamoja na kazi iliyokuwa katikati, na Telnet ya kawaida hupitisha hata nywila bila kuzificha. Ukilazimika kubaki nayo, ipitishe ndani ya SSH, ambayo huyaficha mawasiliano.

Ya pili ni ukurasa wa wavuti kwenye kivinjari. Sasisho ni rahisi kwa kuwa unabadilisha seva tu. Kasoro yake ni kwamba kivinjari cha kawaida hupokea skani kama maandishi yaliyochapwa kwenye kibodi, pamoja na matatizo yote yaliyoelezwa kwenye swali la jinsi skani inavyofika. Kuna vivinjari vya viwandani vinavyoipa JavaScript njia ya kuongea na skana moja kwa moja, na vinasaidia.

Ya tatu ni programu ya Android iliyosakinishwa kwenye kifaa. Inadhibiti kifyatulio, sauti, mtetemo na hifadhi ya ndani, na inastahimili mtandao mbovu kuliko nyingine. Gharama yake ni kuisambaza na kuitunza. Ghala likiwa na mtandao unaoyumba, mimi huchagua hii. Mtandao ukiwa imara na timu ikiwa ndogo, ukurasa wa wavuti unatosha kabisa.

Bado tuna vifaa vya Windows CE na Windows Mobile. Viendelee?

Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya Windows Embedded Handheld 6.5 mnamo Januari 14, 2020, na ya Windows Embedded Compact 2013 mnamo Oktoba 10, 2023. Vifaa havikuzimika siku hizo. Vipo ghala ambamo vinapiga kazi hadi leo. Ila usivitengenezee skrini mpya. Vitenge kwenye mtandao wao, na uzihamishie kazi kwenye Android moja baada ya nyingine, ukianza na ile yenye hatua chache.

Usizinakili skrini za zamani zilivyo. Nyingi zilibanwa na mistari 16, na hila zilizobuniwa kukwepa kizuizi hicho hazina maana kwenye skrini mpya. Jambo moja la kulihifadhi ni vitufe vya kibodi. Mtu aliyezoea F4 kwa "rudi" kwa miaka kumi bado ataitafuta F4.

Skani inafikaje kwenye programu yangu?

Kwa njia mbili. Ya kwanza, kifaa hujifanya kibodi: msimbopau ukisomwa, herufi zake huchapwa mahali kishale kilipo, kisha Enter. Ni rahisi na hufanya kazi kila mahali. Pia ndiyo chanzo cha makosa mengi yaliyo kwenye ukurasa huu. Kishale kikiwa kwenye kisanduku kisicho chake, data inaingia huko. Ujumbe ukitokea katikati ya skani, nusu ya herufi zinapotea na Enter inaufunga ujumbe kabla haujasomwa.

Ya pili, programu hupokea skani nzima kama kifurushi kimoja. Kwenye vifaa vya Zebra, programu yao ya kusimamia skani, DataWedge, hutuma intenti ya Android, yaani ujumbe wa ndani kutoka programu moja hadi nyingine, yenye maandishi ya msimbo na aina yake. Honeywell nao wana njia inayofanana. Unatengeneza profaili ya programu yako, unazima uchapaji wa kibodi, unawasha intenti, na unachagua itangazwe ili programu iipokee bila kufungua ukurasa mpya. Kishale hakina kazi tena, kwa sababu programu ndiyo inayojua imeuliza nini.

Usiache njia zote mbili zikiwa wazi kwa pamoja. Kila skani itafika mara mbili, nawe utashinda siku nzima ukitafuta kosa kwenye seva.

## Misimbopau na data iliyomo

Kwa nini lebo ya katoni inatoa mlolongo mrefu badala ya namba ya bidhaa?

Kwa sababu hiyo ni GS1-128 au GS1 DataMatrix, misimbo ya shirika la viwango liitwalo GS1, ambayo hubeba taarifa kadhaa kwa pamoja, na kila taarifa hutanguliwa na namba inayoitambulisha. Chukua mfano huu:

`01095011015300031727033110AB123`

01 inasema zinafuata tarakimu 14 za bidhaa: 09501101530003. 17 inasema zinafuata tarakimu sita za tarehe ya kuisha muda: 270331, yaani Machi 31, 2027. 10 inasema kinachofuata ni namba ya bechi: AB123. Nyingine utakazokutana nazo ni 00 kwa paleti nzima, yenye tarakimu 18, 21 kwa namba ya pekee ya kipande kimoja, na 37 kwa idadi ya vilivyomo.

Mtego uko kwenye bechi. Urefu wake haujapangwa. Unaweza kufika herufi 20. Ikifuatwa na kitu kingine, lazima kuwe na alama ya kutenganisha, herufi ya 29 katika ASCII (orodha ya namba za herufi za kompyuta), ambayo haionekani. Kibodi ya kuigiza mara nyingi huidondosha. Lebo iliyoandikwa bechi kwanza na tarehe baadaye itasomeka kama bechi moja iitwayo AB12317270331, mfumo utaipokea bila kelele, na tarehe ya kuisha itakuwa tupu. Hii peke yake inatosha kukufanya uchague intenti.

Nitajuaje kama msimbo ni wa GS1 au ni namba tu inayoanza na 01?

Washa kitambulisho cha aina ya msimbo kwenye skana. Kitaongeza herufi tatu mbele: `]C1` kwa GS1-128, `]d2` kwa GS1 DataMatrix, `]Q3` kwa QR ya GS1, `]E0` kwa EAN-13, msimbo wa kawaida wa bidhaa za dukani. Kukisia kwa kutazama tarakimu za mwanzo hufanya kazi hadi siku utakapopata lebo ya rafu iitwayo 0117.

Tarehe nyingine zina siku 00. Ni kosa la uchapaji?

Hapana. Katika GS1, siku 00 humaanisha siku ya mwisho ya mwezi huo. 280200 ni Februari 29, 2028. Usiikatae, na usiigeuze kuwa tarehe 1, utakuwa umetupa karibu mwezi mzima wa uhai wa bidhaa.

Sifuri za mwanzo zinapotea, na bidhaa moja inaonekana kama mbili. Kwa nini?

Mtu amehifadhi namba ya bidhaa kama namba. Ihifadhi kama maandishi, ukiijaza sifuri mbele hadi ifike tarakimu 14, kwa kuwa UPC, msimbo wa bidhaa wa Marekani, ina 12, EAN-13 ina 13, na katoni hutumia 14. Ukifanya hivyo zote zitalinganishwa kwa kipimo kimoja.

Lakini angalia: namba ya katoni si namba ya kipande yenye tarakimu moja ya ziada. Katika mfano wa juu, kipande ni 09501101530003, na katoni yake inaweza kuwa 19501101530000. Tarakimu ya mwisho imebadilika kwa sababu ni ya ukaguzi, na hukokotolewa upya. Hifadhidata yako ndiyo inayopaswa kusema katoni hiyo ina vipande 12 au 24. Skrini nayo imwonyeshe mtu "katoni 1 = vipande 24" kabla hajathibitisha, maana kuchanganya katoni na vipande ndilo kosa la hesabu ghali kuliko yote niliyoyaona.

Mtu akiskani kitu ambacho hakikuulizwa, nifanye nini?

Kwanza kitambue. Umeuliza rafu, ameskani bidhaa: usiseme "data batili". Sema "Hii ni bidhaa. Skani lebo ya rafu." Hili linawezekana kama lebo za rafu, paleti na wafanyakazi zina viambishi vyake, kwa hiyo vipange kabla lebo hazijachapwa.

Kuna pahala unaweza kuruka hatua kwa faida. Akiskani paleti nyingine wakati orodha yake ina paleti hiyo, mwulize kama anataka kuanza nayo. Wafanyakazi wazoefu hupanga safari yao wenyewe, na mara nyingi wana sababu.

## Sura ya skrini

Niweke vitu vingapi kwenye skrini moja?

Swali moja, kwa herufi kubwa. Chini yake mambo mawili au matatu yanayomsaidia kulijibu: jina la bidhaa, idadi, rafu. Kilichobaki kikae nyuma ya kitufe cha "zaidi". Vifaa vingi vya aina hii vina skrini ya inchi 4 hadi 5, na mtu huiangalia kwa umbali wa mkono ulionyooka, wakati mwingine akiwa juu ya foklifti.

Namba ya rafu ndiyo inayostahili nafasi kubwa kuliko zote. Igawanye: "B 14 03" husomeka haraka kuliko "B1403". Ofisi itakuomba uweke nembo ya kampuni juu. Iweke kwenye ukurasa wa kuingia tu.

Rangi na ukubwa wa vitufe viwe vipi?

Mwongozo wa Android unataka kitufe kisiwe chini ya vipimo 48 vya skrini, takriban milimita 9. Kwa mtu aliyevaa glavu, ongeza. Weka "thibitisha" na "futa" mbali mbali, wala usiviweke upande mmoja wa kidole gumba.

Tofauti ya maandishi na mandharinyuma isipungue 4.5 kwa 1, nami kwa ghala hupenda zaidi ya hapo, kwa kuwa mwanga wa mlangoni wakati wa kupakia mzigo huosha kila kitu. Usitegemee kijani na nyekundu peke yake. Karibu mwanaume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya Kaskazini ana shida ya kutofautisha rangi, na mara nyingi rangi zenyewe ni hizo mbili. Ongeza neno, umbo na sauti.

Sauti ina umuhimu kiasi hicho?

Kuliko rangi. Mtu haangalii skrini baada ya kila skani, anasikiliza. Tatizo ni kwamba skana hulia yenyewe inaposoma msimbo, na mlio huo unamaanisha tu "nimeusoma", hata kama bidhaa si sahihi. Mfanyakazi anasikia mlio mzuri na kuondoka, huku skrini inaonyesha kosa.

Zima mlio wa skana kwenye mipangilio na uache programu yako ilie baada ya kukagua: mlio mmoja mfupi mwembamba kwa sahihi, miwili mizito pamoja na mtetemo mrefu kwa kosa. Mtetemo una kazi yake, maana kwenye kelele za mashine hakuna anayesikia. Baada ya kosa, skrini isipokee skani nyingine hadi mtu aguse "nimeelewa". Wataulalamikia wiki ya kwanza.

Idadi: mtu aiandike, au askani kila kipande?

Kwa vitu vichache vya thamani au vyenye namba ya pekee, askani kila kimoja. Kwa boksi 300 zinazofanana, kumlazimisha askani 300 ni kumfundisha kuskani boksi moja mara 300 akiwa amekaa. Mwache aandike.

Ila kisanduku cha idadi kisipokee skani kamwe. Niliwahi kukiacha wazi kwenye mradi mmoja. Mtu akafyatua akidhani yuko kwenye hatua ya bidhaa, EAN-13 ikaingia kama idadi, na stoo ikawa na vipande zaidi ya trilioni tisa vya bidhaa moja. Tuliicheka asubuhi. Jioni haikuchekesha, kwa sababu mfumo wa manunuzi ulikuwa umeona hakuna haja ya kuagiza bidhaa hiyo tena. Weka kikomo, na idadi ikizidi ile iliyotarajiwa, iulizwe mara ya pili kwa maneno yanayoitaja: "Umeandika 240. Oda ni 24."

Na usikijaze kisanduku hicho mapema kwa idadi inayotarajiwa wakati wa kuhesabu stoo. Mtu aliyechoka atabonyeza "sawa", na hesabu yako itakuwa nakala ya makosa ya zamani. Wakati wa kukusanya oda, kujaza mapema kunaruhusiwa.

Kibodi ya skrini inajitokeza na kufunika kila kitu. Naizuiaje?

Inatokea kwa sababu kisanduku kimepata kishale. Ukitumia intenti huhitaji kisanduku cha skani kabisa. Onyesha maandishi tu. Kwenye kivinjari, `inputmode="none"` huizuia kibodi huku kisanduku kikiendelea kupokea. Pale unapohitaji idadi, tokeza kibodi ya namba peke yake.

## Mtandao na usahihi wa data

Mtandao ukikatika katikati ya kazi, nini kitokee?

Utakatika. Rafu za chuma na mizigo yenye maji hula mawimbi, na kifaa huhama kutoka kisambazaji kimoja hadi kingine mtu anapotembea. Viwango vya Wi-Fi kama 802.11r hupunguza pengo la kuhama, lakini havilifuti.

Skrini imwambie mtu kilichofika na ambacho hakijafika, kwa namna isiyomkatiza. Alama ndogo ya "3 zinasubiri" inatosha. Gurudumu linalozunguka bila mwisho halisemi kitu. Mtu ataizima programu na kuiwasha, na hapo ndipo swali linalofuata linapozaliwa.

Mzigo mmoja umeingia mara mbili. Imewezekanaje?

Kifaa kilituma. Seva ikapokea, ikaandika, ikajibu. Jibu likapotea njiani. Kifaa kikadhani kimeshindwa, kikatuma tena. Hakuna aliyekosea hapo ila msanidi.

Dawa ni kila tendo liwe na kitambulisho chake cha pekee, UUID kwa mfano, kinachoundwa kwenye kifaa mtu anapothibitisha, na kuhifadhiwa pamoja na tendo kabla halijatumwa. Likirudiwa, linakwenda na kitambulisho kilekile. Seva inakihifadhi kwa sharti la kutojirudia, na ikikiona mara ya pili inarudisha jibu la kwanza bila kuandika upya. Ukiunda kitambulisho kipya kila unapojaribu kutuma, hujafanya kitu. Kulemaza kitufe baada ya kubonyezwa ni vizuri, lakini hakuzuii hili hata kidogo.

Kwa hiyo kila kitu kifanye kazi bila mtandao?

Hapana, na jihadhari na anayekuahidi hivyo. Kuhesabu stoo na kupokea mzigo dhidi ya orodha iliyopakuliwa mapema huwezekana: weka foleni kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ndani ya kifaa, tuma mtandao ukirudi. Kugawa bidhaa ya mwisho iliyobaki kati ya oda mbili hakuwezekani, kwa sababu vifaa viwili visivyoonana vitaigawa vyote viwili. Amua tendo kwa tendo.

Watu wawili wametumwa rafu moja kwa bidhaa ileile. Nani ashinde?

Seva imkabidhi mmoja kazi kwa muda, tuseme dakika kumi, kisha iirudishe kwenye foleni asipoendelea. Kufunga bila kikomo cha muda huacha kazi zimekwama kwenye kifaa ambacho betri yake iliisha saa nne zilizopita. Mwenye kifaa hicho akirudi, skrini imwambie nani amechukua kazi yake, isimwonyeshe tu orodha tupu.

## Majaribio, usambazaji na usalama

Najaribuje bila kuwa na skana mezani?

Kwenye Android unaweza kutangaza intenti kutoka kwenye kompyuta kwa `adb shell am broadcast`, ukiipa maandishi yaleyale ambayo skana ingetuma, na ukatengeneza mamia ya majaribio ya kujiendesha. Yafanye hasa kwa zile hali za safu ya mwisho ya jedwali lako.

Kisha nenda na kifaa halisi. Chapa karatasi yenye lebo nzuri, lebo iliyofifia, lebo mbili zilizokaribiana mno, na lebo iliyofunikwa na plastiki inayong'aa. Skani haraka kuliko mtu mwenye akili angeskani. Katisha mtandao kati ya kuthibitisha na kupokea jibu. Toa betri.

Sasisho lisambazwe vipi?

Kwa mfumo wa kusimamia vifaa, kwenye vifaa viwili kwanza, kisha zamu moja, kisha wote. Kamwe si asubuhi ya siku ya kupakia. Seva iendelee kuelewa toleo la zamani, kwa sababu daima kuna kifaa kilichosahaulika droo moja, na kitaamka na foleni ya wiki iliyopita.

Wafanyakazi wanaingiaje, ikiwa kifaa ni cha wote?

Kitambulisho chenye msimbopau pamoja na namba fupi ya siri. Msimbo peke yake unapigwa picha kwa simu, na jina la mtu litaonekana kwenye kazi asiyoifanya. Kifaa kikirudishwa kwenye chaja, kimtoe aliyekuwa ndani.

Msimbopau unaweza kudhuru mfumo?

Ndiyo. Kilichoskaniwa ni maandishi kutoka nje, na kinaweza kubeba amri ya SQL, lugha ya hifadhidata, sawa na kisanduku chochote cha wavuti. Kikague urefu na herufi zake, na usikiunganishe moja kwa moja kwenye amri ya hifadhidata. Pia kuna misimbo ya mipangilio inayobadilisha tabia ya skana yenyewe. Baada ya kumaliza usanidi, izime. Kifaa kilichoacha ghafla kusoma aina fulani ya lebo mara nyingi kimeskani moja ya hizo kimakosa.

## Hali za pembeni

Lebo imechanika au bidhaa haina msimbo kabisa.

Ruhusu kuandika kwa mkono, lakini rekodi kwamba imeandikwa, na ukague tarakimu ya ukaguzi. Ripoti ya wanaoandika sana itakuonyesha lebo mbovu ziko wapi. Kwa rafu, omba herufi mbili za uthibitisho zilizochapwa kwenye lebo yenyewe, ili mtu asiiandike akiwa mbali nayo.

Mtu amekosea na anataka kutengua.

Kabla ya kutumwa, mruhusu arudi hatua moja kwa kitufe kimoja. Baada ya kutumwa, usifute. Andika tendo la kinyume lenye jina lake na sababu. Mkaguzi atataka kuona yote mawili.

Chumba cha baridi kali kina masharti gani?

Betri hupungua nguvu upesi, glavu nene haziamshi skrini ya kugusa, na kioo hupata ukungu mtu anapotoka kwenye baridi kuingia joto. Zipo modeli zenye kioo kinachopashwa joto. Upande wa programu, tengeneza kila hatua iwezekane kwa kifyatulio na vitufe vya pembeni pekee. Pale penye chaguo la lazima, kama sababu ya upungufu, bandika ukutani karatasi ya misimbopau yenye majibu yote, mtu aliskani jibu lake bila kuvua glavu.